Nishani ya Bati

"Baraza Kuu la Mafundi wa Moto na Tabaka, katika kikao chake cha dharura kilichofanyika Jumapili saa nane mchana, limeamua kwa kauli moja kumtunuku Fundi Mkuu wa karakana hii Nishani ya Daraja la Kwanza, kwa utumishi uliotukuka wa miaka thelathini na mmoja bila kuunguza kitu kisichopaswa kuungua."

Kauli ilikuwa moja kwa sababu mjumbe alikuwa mmoja. Mjumbe huyo ni mimi, na kikao nilikifanyia juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya karakana, mdomo umejaa karanga. Ajenda ya pili ilihusu maganda ya karanga yatupwe wapi. Nayo ilipita bila upinzani.

Wajibu unanitaka nieleze nilifikaje pale. Nilikuwa nimepumzishwa masomo kwa wiki mbili. Shule inatumia neno jingine, lakini mimi napenda hilo. Kengele ya bweni letu la wasichana ilikutwa imevalishwa soksi sita, shule nzima ikaamka saa mbili na nusu, na Matroni, kwa upeo wa akili zake, akaenda moja kwa moja kwa mwanafunzi aliyekuwa amevaa viatu bila soksi. Wazazi wangu wanafanya kazi mbali. Kwa hiyo nilikabidhiwa kwa Mjomba, kaka yake mama, kama mzigo usio na anwani ya kuurudisha.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hapa hakuna kengele. Na soksi zako nitakaa nazo mimi."

Karakana ya Mjomba ni chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya zege. Karibu na mlango kuna meza ya kuchomelea, jiliwa la kubania vyuma, na mitungi miwili ya gesi iliyofungwa mnyororo kama mahabusu. Upande wa ndani, nyuma ya pazia la plastiki, ndiko kuliko na tangi. Ukubwa wake ni kama sanduku langu la bweni, na ndani yake mna maji ya kijani, kama juisi ambayo hakuna mtu angeinywa mara mbili. Vipande vya nikeli vinaning'inia pembeni katika mifuko ya kitambaa. Katikati umelazwa ufito wa shaba, ambapo chuma cha kuvikwa nikeli hutundikwa, kisha umeme unafunguliwa na nikeli inahama polepole kutoka pembeni hadi kwenye chuma. Ukutani juu ya tangi kuna kibao, herufi nyekundu: USITIE HUMU KITU AMBACHO MJOMBA HAKIJUI.

Alikuwepo pia binti wa Mjomba, ambaye mimi namwita Dada. Ana miaka ishirini na mbili, mikono yenye madoa ya cheche, na ulimi ambao ungefaa kukatia chuma gesi ikiisha. Wiki ile, hata hivyo, ulimi wake ulikuwa umefungwa. Ijumaa saa tatu asubuhi Mkaguzi angekuja kumtahini. Mtihani wenyewe hauna maneno. Unachomelea vipande viwili vya chuma kigumu cha mchanganyiko, kile cha mitambo inayobeba uzito mkubwa, halafu mshono unawekwa kwenye mashine na kupindwa mpaka uwe kama herufi U. Ukitoka mzima, unapata cheti, na kiwanda cha matangi kina nafasi yako. Ukipasuka, pole. Mwaka jana mshono wa Dada ulipasuka. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga, lakini Mkaguzi aliuona. Anayeanguka mara ya pili hasogei tena karibu na mtihani huo mpaka ipite miaka mitano.

Kile kipande cha mwaka jana Dada alikitundika kwa waya juu ya kitanda chake. Nililala chumba hicho hicho, na kila nilipofumbua macho asubuhi, kitu cha kwanza kunisalimu kilikuwa ule ufa.

"Chuma hiki kina kiburi," Mjomba alinieleza Jumamosi, akiwa ameshika kipande kimoja kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. "Kukichomelea hivi hivi ni kama kwenda kuposa bila mshenga. Kinapokea moto kwa hasira, kikipoa kinakuwa kigumu kama moyo wa mkwe, halafu kinapasuka pembeni ya mshono. Sasa sisi tunakivika nikeli kwanza, kanzu nyembamba tu. Nikeli ni mpole. Inakikinga na kutu, na moto ukija inakaa katikati, inawasikiliza wote wawili."

"Na mshenga akiwa mlevi?"

"Ndoa inavunjika ukumbini," Dada alisema bila kuinua tupa yake.

Nilitazama kila hatua. Mjomba alipiga msasa, akaosha kwa sabuni kali, akasuuza, akakichovya katika asidi, akasuuza tena, kisha akakiinamisha kipande ili maji yateremke. "Maji yakijikusanya matone, kuna mafuta," alisema. "Yakitandaa kama shuka, chuma ni kisafi." Nilitikisa kichwa kwa heshima kubwa. Kichwani nilikuwa tayari naandika barua ya Baraza.

Jumapili, basi. Mjomba amelala, gazeti usoni, linapanda na kushuka. Dada amejifungia anasoma. Nyuma ya karakana kulikuwa na mabaki ya bati la paa, nami nikakata nyota yenye pembe tano, moja imenenepa kuliko wenzake. Nikaipiga msasa kidogo, nikaiosha, nikaisuuza, maji yakatandaa kama shuka. Naomba ieleweke kwamba kibao nilikisoma. Nilijiambia kwamba bati Mjomba analijua vizuri sana, kwani liko juu ya kichwa chake kila siku.

Nikaitundika nyota kwenye ufito, nikafungua umeme kama nilivyomwona akifungua, na baada ya nusu saa nikaitoa iking'aa kiasi kwamba niliona ndani yake uso wa mtu mwenye akili. Nikaitia utepe wa bluu uliotoka kwenye begi langu. Barua niliipiga mhuri kwa kizibo cha soda kilichochovywa wino.

Mpango ulikuwa Mjomba acheke ndani ya sekunde tano. Jumatatu asubuhi aliikuta bahasha juu ya meza, akaisoma taratibu, akavua kofia. Sekunde tano zikapita, zikapita kumi. Alimpa Dada ile barua.

"Nisomee kwa sauti. Miwani yangu ina ukungu."

Dada alisoma. Alipofika kwenye "miaka thelathini na mmoja" sauti yake ilipungua, akanitazama. Mimi nilikuwa nachunguza dari.

"Nilidhani hakuna mtu anayejua," Mjomba alisema, na akaibandika nishani kwenye mfuko wa ovaroli yake, upande wa moyo.

"Hongera, Baba," Dada alisema. Kisha akanivuta nyuma ya mitungi ya gesi. "Ni wewe?"

"Ni Baraza."

"We kichaa. Umeipaka rangi ya kopo?"

"Hiyo ni siri ya Baraza."

"Sikia. Ukimwambia kwamba ni utani, nakuchomelea midomo. Umeelewa? Mwache hivyo hivyo."

Nilielewa. Nilifurahi, hata. Mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimeamriwa kutokiri kosa.

Jumanne Mjomba alichovya jozi ya kwanza. Mkaguzi alikuwa ametuma jozi tatu za chuma, kila moja imegongwa namba. Mbili za mazoezi na moja ya mtihani. Badala ya kutoka na rangi ya fedha iliyotulia, vipande vilitoka na michirizi myeusi, kama machozi yaliyopitia kwenye wanja. Mjomba aliviweka juu ya meza, akavigeuza, akavigeuza tena.

"Nivichomelee tu, tuone," Dada alisema.

Akavaa kofia yake ya kuchomelea, akaanza. Kwa kawaida moto wake unanguruma sawasawa, kama mtu anayekoroma kwa raha. Siku ile ulitema na kukohoa. Mshono ulipopoa ulikuwa na vitundu kama mkate. Wakauweka kwenye mashine ya kupindia, Mjomba akavuta mkono wa mashine, na kabla haujafika hata nusu tukasikia: tak! Ni mlio mdogo sana. Biskuti inalia zaidi.

Dada hakulia. Alivichukua vile vipande viwili, akavipanga mezani vikiwa sambamba, akachukua ufagio na kuanza kufagia sakafu ambayo alikuwa ameifagia asubuhi.

"Mkono wangu ni ule ule," alisema akiwa ametupa mgongo. "Mwaka jana, mwaka huu, ni ule ule."

"Si mkono wako," Mjomba alisema. "Tangi limelishwa kitu."

Nikajikuta nimesimama wima kama niko mstarini shuleni. Lakini Mjomba hakunitazama. Alikuwa anatazama vidole vyake.

"Michirizi ya namna hii ingekuwa ya zinki. Lakini zinki iingie kutoka wapi? Tangu nilipolisimika lile tangi, humu hakijaingia hata kipande chake. Kwa hiyo ni mafuta. Ni macho yangu. Niliona shuka mahali palipokuwa na matone." Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya ovaroli, akaivaa tena. "Uzee nao una mzaha."

"Zinki ni nini, Mjomba?" niliuliza. Sauti ilinitoka kama ya mbu.

"Ile wanayopaka kwenye bati lisishike kutu."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Nikakalia ndoo, ile ile.

"Ingekuwa zinki, dawa yake si ngumu," aliendelea, akimwambia Dada zaidi kuliko mimi. "Unatundika chuma chembamba chenye mikunjo, unawasha umeme mdogo kabisa, siku nzima. Zinki yote inakikimbilia kile chuma, maji yanabaki safi. Mafuta ndiyo kazi. Inabidi kuchemsha na mkaa, kuchuja, kuchemsha tena. Siku mbili. Nikianza kesho asubuhi, Alhamisi jioni tutakuwa tayari."

"Na kama si mafuta?" Dada aliuliza.

"Basi hatuna siku ya dawa ya pili."

Sasa nafikiri msomaji anaiona hali ya Baraza. Nikisema ni zinki, nitaulizwa nimejuaje. Nikisema nimejuaje, itabidi ile nyota itoke kwenye mfuko wa Mjomba, ambaye siku ile ameshaifuta vumbi mara nne kwa kidole gumba. Nisiposema, Dada atangoja miaka mitano bila kujua kwamba anayemngojesha ni mimi. Shuleni tuna mwalimu anayependa kusema kwamba ukweli hauna mgongano. Mwalimu huyo hajawahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza lenye mjumbe mmoja.

Jioni ile, Dada alikivuta kipande cha mwaka jana pale juu ya kitanda, akakiweka chini ya mto. Hapo nikaamua. Kwa bahati mbaya, niliamua nusu.

Jumatano asubuhi, Mjomba alipokuwa anafungua gunia la mkaa, alikuta bahasha nyingine juu ya meza. Nayo ina mhuri wa kizibo cha soda.

"Baraza Kuu," alisoma, safari hii bila ukungu wowote, "likiongozwa na hekima tu, na si kwa sababu ya jambo lolote lililotokea Jumapili, linamshauri Fundi Mkuu ajaribu dawa ya zinki."

Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, nyuma ya nishani.

"Imefikaje hii?"

"Nadhani imepitishwa chini ya mlango, Mjomba."

"Mlango huu unakwaruza sakafu. Hata sisimizi akitaka kupita, anabisha hodi."

"Labda Baraza lina mbinu zake."

"Labda," Mjomba alisema. Akafunga gunia la mkaa. Akachukua chuma chembamba, akaanza kukikunja mikunjo midogo midogo juu ya ukingo wa meza. "Njoo ushike huku, Mheshimiwa."

Hajawahi kuniita Mheshimiwa. Nilishika.

Tulikaa na tangi siku nzima. Aliniweka zamu: nisome sindano ya kipimo cha umeme kila dakika kumi, nisiruhusu ipande. Dada alipita mara kwa mara, akachungulia, akaondoka kupiga msasa jozi mbili zilizobaki. Kufikia alasiri mabonde ya ile mikunjo yalikuwa yameshika weusi kama chini ya sufuria.

"Kumbe ilikuwa zinki kweli," Mjomba alisema.

"Baraza lina hekima," nilisema.

"Lina hekima. Na linapenda karanga. Nimekuta maganda yake nyuma kule, karibu na mabaki ya bati."

"Panya siku hizi hawana adabu, Mjomba."

Alinimiminia chai na kunipa kikombe chake mwenyewe, kile chenye mkono mzima. Ningependelea anichape.

Alhamisi vipande vilitoka safi: rangi ya fedha, laini, bila mchirizi. Dada alichomelea jozi ya mazoezi, ikapindwa, ikawa U. Hakuna aliyeshangilia, maana tak ya Jumanne bado ilikuwa masikioni mwetu.

Ijumaa saa tatu kamili Mkaguzi aliingia. Ni mama mfupi, mwenye miwani usoni na nyingine kichwani, na sauti ya mtu asiyerudia jambo. Alihakiki namba za jozi ya mwisho, akaipitishia kidole kanzu yake ya nikeli, akaandika kitu. "Endelea."

Dada alishusha kofia. Moto ukanguruma vizuri, ule wa kukoroma kwa raha. Nilitazama ukutani, kwenye mwanga wa buluu uliokuwa unacheza, kwa sababu jicho halitazamani na moto ule, na kwa sababu nisingeweza kumtazama Dada hata kama angekuwa anapika chai. Mshono ukamalizika. Ukaachwa upoe polepole chini ya blanketi la kuzuia moto. Mkaguzi akanywa maji. Mjomba akafuta nishani.

Mashine ikaanza kupinda. Chuma kikainama robo, kikainama nusu. Nilihesabu pumzi. Kikainama zaidi, taratibu, kama mtu anayepiga magoti, mpaka miguu yake miwili ikatazamana. Mkaguzi alikitoa, akabadilisha miwani, akakichunguza upande wa nje inchi kwa inchi, akarudi mwanzo, akachunguza tena.

"Mzima," alisema.

Dada alikaa chini palepale, kwenye zege, na kofia yake mapajani. Mjomba alimwekea mkono kichwani. Mimi nilijiandaa kutoka polepole kuelekea nyuma, nikaangalie afya ya maganda ya karanga.

"Na hii nishani, Fundi?" Mkaguzi aliuliza. Alikuwa amesogea karibu na kifua cha Mjomba. "Baraza Kuu ndilo lipi? Nakagua mafundi mwaka wa ishirini sasa, sijalisikia."

"Ni la karibuni," Mjomba alisema.

"Na mbona nishani ya mafundi wa tabaka ina malengelenge?"

Ilikuwa kweli. Nyota yangu ilikuwa imeota vipele siku tano zile, na ile pembe nene ilikuwa inabambuka ukingoni. Mkaguzi aliigusa kwa ukucha. Gamba la nikeli likadondoka sakafuni. Chini yake palionekana rangi ya kijivu, yenye maua maua, ambayo mtoto yeyote aliyewahi kutazama paa anaijua.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa hatua nne, kutoka pale nilipokuwa hadi mlangoni, na Mjomba alikuwa ameshasimama katikati yake.

"Katibu Mkuu wa Baraza yupo hapa hapa," alisema kwa upole mkubwa. "Atakujibu mwenyewe, Mama Mkaguzi."

Nilijikohoza. "Baraza," nilisema, "lilikuwa ni mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na ndoo."

Mkaguzi akamtazama Mjomba. "Ulijua?"

"Tangu barua ya pili. Nishani nimeivaa kwa sababu ya barua ya kwanza. Miaka thelathini na mmoja hakukosea."

Dada alikuwa anacheka pale chini, kicheko cha mtu aliyeshusha mzigo. Kisha akaliokota lile gamba. Akaligeuza kwenye kiganja. Akaitazama nyota, ile kijivu yenye maua. Dada ni fundi, tena sasa ni fundi mwenye cheti. Kicheko kikakatika.

"Hili ni bati," alisema. "Hukupaka rangi ya kopo."

Hakuna aliyenisaidia. Mjomba alikuwa ameona kitu cha kuvutia sana kwenye jiliwa. Nilitafuta sauti ya Katibu Mkuu, nikaikosa. Iliyobaki ilikuwa yangu ya kawaida, nayo ni ndogo.

"Jumapili, baada ya saa nane," nilisema. "Nusu saa nzima. Niliitundika kwenye tangi, na kibao nilikuwa nimekisoma. Mjomba alivyosema zinki, Jumanne, nilijua palepale, nikanyamaza. Nikakuacha unafagia. Haikuwa mkono wako, Dada. Wala macho ya Mjomba. Ilikuwa mimi."